Mipira Ishirini na Minane Isiyohesabiwa

Shangazi Ruqaya, shikamoo.

Nakusoma katika kila toleo la jarida letu, na nikiri kwamba mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, nikisema mtu mzima mwenye ndevu zake anashindwaje na mambo yake mpaka ayapeleke gazetini, na leo nimekaa jikoni kwangu hapa Bredäng, Stockholm, ni Jumapili, kalamu mkononi, kwa hiyo nicheke na wewe, ila ukishamaliza kunicheka naomba unisaidie kabla ya Alhamisi.

Mimi ni Mganda, nina miaka arobaini na mmoja, na ujana wangu wote ulilishwa na besiboli. Wasomaji wako wengi hawaujui mchezo huu, basi waambie tu kwamba mmoja anarusha mpira, wa timu ya pili anajaribu kuupiga kwa gongo, na huyo mrushaji ndiye roho ya timu, akichoka yeye mmeisha wote. Mimi nilikuwa mrushaji. Nilitoka Uganda nina miaka kumi na minane nikaenda Marekani kucheza kwa malipo, si katika zile timu kubwa za kwenye televisheni, ni zile ndogo ambazo mchezaji analala kwenye basi na kula mkate wa jana, nikacheza miaka sita, kisha klabu moja ya huku Sweden ikaniita nikacheza mitano mingine, mpaka kiwiko kikakataa kabisa.

Na kiwiko hicho hakikuharibika siku niliyostaafu, Shangazi, kiliharibika nikiwa na miaka kumi na tisa, siku nimesharusha mipira mia na ishirini na mkono unawaka moto kutoka kiwikoni hadi kidole cha mwisho, nami nikawa natazama benchi. Kwetu kocha akitaka kukupumzisha wewe mrushaji hapigi kelele wala hatumi mtu, anatembea mwenyewe polepole mpaka katikati ya uwanja, ananyoosha mkono, nawe unaweka mpira kwenye kiganja chake, basi, umemaliza, wala hakuna aibu. Nilimngoja anyanyuke. Yeye akatafuna mbegu zake za alizeti akitazama pembeni. Mpaka leo kifungo cha juu cha shati nakifunga kwa mkono wa kushoto.

Miaka minne baada ya kuacha kucheza nilianza kufundisha watoto, huu mwaka wa nane, timu ina Waganda, Wakenya, Wakongo, Waburundi na Wasweden wawili waliopotea njia wakatupenda. Sijisifu, lakini nimefanya mengi kuliko kufundisha kurusha: nimekaa na walimu wao shuleni, nimewaandikia barua za kuombea kazi za kiangazi, nimewasuluhisha na baba zao. Kinachonichosha ni utaratibu wa nchi hii. Watoto wadogo hawaandikiwi mabao wasije wakahuzunika, kila mtoto lazima acheze hata yule anayekimbia kuelekea upande usio wake, na mwisho wa siku wote medali, wote keki, wazazi wamekaa na chupa zao za kahawa wanapiga makofi kwa aliyeanguka. Wahenga wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, hawa wangeisikia wangeita mkutano. Na kubwa kuliko yote ni kuhesabu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu katika mashindano yetu haruhusiwi kurusha mipira zaidi ya sabini na mitano kwa siku, na kila timu inatoa mzazi mmoja wa kusimama na kidude cha kuhesabia mkononi, anabofya kila mrushaji wa timu yake anaporusha mpira. Mimi nilikuwa nacheka. Kwetu nani alimhesabia mtoto kitu?

Mhesabuji wetu ni Baba Phiona, Mkenya anayeitwa Ochola, dereva wa basi, rafiki yangu. Mkewe, Mama Phiona, jina lake Barbara, ni Mganda mwenzangu, anawahudumia wazee kwenye makao yao. Wanakaa Hallonbergen. Binti yao Phiona ana miaka kumi na mitatu na ndiye mrushaji bora niliyewahi kumfundisha, mvulana au msichana.

Fainali ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Jamii yote ilikuja, mtu na jiko lake la mkaa, mtu na ngoma yake, na nilikuwa nimewaambia wote kwamba kombe mwaka huu ni letu. Kabla ya mchezo nilimvuta Baba Phiona kando nikamwambia, "Ndugu yangu, leo hesabu kwa hekima." Hilo tu. Sikusema zaidi.

Sasa mimi nina tabia niliyotoka nayo nyumbani. Natia maharage kumi kwenye mfuko wa kulia wa koti, na kila mipira kumi ikirushwa punje moja inahamia mfuko wa kushoto, mikono inafanya yenyewe hata nikiwa naongea na mtu. Punje ya saba ilipohama na mingine mitano ikarushwa, nilinyanyuka. Baba Phiona akanionyesha kidude chake: sitini na moja. Akasema, "Coach, bado ako na kumi na nne. Wacha msichana amalize kazi." Nilikaa. Baadaye, maharage tisa yakiwa kushoto, Phiona alisimama na mpira wake akanitazama. Niliinama nikafunga kamba ya kiatu, nayo ilikuwa imefungwa. Alirusha mipira mia na mitatu siku ile, na kidude kikasoma sabini na mitano kamili. Tukashinda kwa bao moja.

Kwenye keki Phiona alikula kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza mkono vipi, akanijibu, "Det är lugnt, coach," yaani hakuna tabu. Asubuhi yake kiwiko kilikuwa kimevimba na hawezi kujifunga nywele. Baba yake akamwambia mama kwamba binti aliteleza kwenye ngazi za stesheni ya Hallonbergen, na binti akaambiwa aseme hivyo hivyo. Mama Phiona amechukua miadi ya daktari Alhamisi hii. Jumamosi hii ndiyo kambi ya kuchagua watoto wa timu ya vijana ya taifa, na Phiona ameitwa. Baba yake anasema tuweke barafu, tunyamaze mpaka kambi ipite. Aliniambia kwa simu, "Coach, ukimwambia mama yake, hiyo camp imeenda, na mimi sina ndoa."

Na juzi Mama Phiona mwenyewe akanipigia, akaniita bwana kwa Kiganda. "Ssebo kocha, huyu mtoto anakusikiliza kuliko sisi. Mwambie aache kukimbia kwenye ngazi." Nikamjibu nitamwambia.

Shangazi, niseme, nimwangushe rafiki yangu, timu ivunjike na miaka minane ipotee? Au ningoje Jumamosi ipite, maana uvimbe umeanza kushuka na nafasi kama hii haiji mara mbili? Maharage bado yamo kwenye koti, kumi yote upande wa kushoto. Siwezi hata kuyatupa.

Kocha wa Bredäng

*

Kocha, marahaba.

Nimekucheka kama ulivyoniruhusu, na nilikuwa naendelea vizuri mpaka nilipofika kwa yule mama aliyekupigia simu. Hapo niliweka barua chini nikaenda kunywa maji.

"Hesabu kwa hekima." Nina miaka sitini na minne, nimesikia uongo ukivishwa kanzu, koti na tai, lakini huu wa kuvishwa hekima ni wako peke yako. Na unaongeza, "Hilo tu. Sikusema zaidi." Ulitaka useme nini zaidi? Ulimwelekeza mwenzio penye kosa, akaenda, sasa unaniambia hukumsukuma. Baba Phiona alibofya mpira mmoja akaruka mmoja kwa sababu wewe, mtaalamu uliyekula mkate wa jana Marekani, ulimpa ruhusa. Yeye ni dereva wa basi. Hajui kiwiko kina nini ndani. Wewe unajua, tena unajua mpaka kidole cha mwisho.

Hebu rudi usome barua yako. Kiwiko chako kimepata aya nzima, na moto wake, na tarakimu zake, na shati lake. Kiwiko cha mtoto kimepata kuvimba, barafu, na habari njema kwamba kinashuka. Na hukuona ulichokiandika? Wewe huwezi kufunga kifungo cha shati. Yeye hawezi kufunga nywele. Umeyaandika yote mawili kwa mkono mmoja, karatasi moja, na bado unaniuliza usubiri Jumamosi ipite.

Umewacheka sana Wasweden na chupa zao za kahawa. Mimi nimeishi nao miaka thelathini na mitatu, nami nina yangu ya kuwacheka, sitakunyima raha hiyo. Ila hilo la kuhesabu, baba, hawakulitunga kwa sababu ni walaini. Limewekwa kwa sababu kuna watu wazima kama wewe, ambao ngoma ikilia hawamwoni tena mtoto, wanaona kombe. Unauliza kwenu nani alimhesabia mtoto kitu. Wewe! Wewe na maharage yako! Umehesabu maisha yako yote, mikono inahesabu yenyewe hata ukiwa unapiga soga. Siku ile ulikuwa mtu pekee uwanjani aliyejua hesabu kamili, na ukaamua kuinama kufunga kamba iliyokwisha fungwa.

Methali yako pia nakurudishia, uliishika upande wa makali. Mchelea mwana kulia ni mzazi anayeogopa kumkanya mtoto aliyekosea. Siku ya fainali Phiona alikosea wapi? Aliyehitaji kukanywa alikuwa na ndevu. Kama unapenda ya wahenga, chukua hii: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Na tusemezane kuhusu jambo ambalo umelipitia haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Wanaume wawili wazima mmemkalisha binti wa miaka kumi na mitatu mkamfundisha kumdanganya mama yake juu ya mwili wake mwenyewe. Unajisifu umemfundisha mengi kuliko kurusha mpira. Kweli, hilo nalo umemfundisha. Amejifunza kwamba akiumia na wakubwa wakafurahi, anyamaze, aseme "Det är lugnt". Kesho akiumizwa na mwingine, atasema hivyo hivyo, na hamtakuwa na haki ya kushangaa.

Mama Phiona siku nzima anawageuza wazee wa watu vitandani, anajua mwili unaumaje. Anarudi nyumbani, anamfunga bintiye nywele, na hajui kwamba kikulacho ki nguoni mwake. Kisha anakupigia wewe, kwa heshima, ssebo, umsaidie na ngazi. Nawe ukamjibu utamwambia. Sina tusi la kutosha hapa, na mhariri asingeliacha lipite, kwa hiyo tuendelee.

Daktari atakayeambiwa ngazi atatibu ngazi. Ataangalia kama kuna mfupa umevunjika kwa kuanguka, atampa dawa ya maumivu, atamrudisha nyumbani, na Jumamosi mtampeleka akarushe tena. Mifupa ya mtoto wa umri ule bado inakua, na wewe hilo unalijua kuliko mimi. Daktari anahitaji kuambiwa mipira mia na mitatu kwa siku moja, na anayeijua hesabu hiyo ni wewe tu. Basi kambi imeenda. Usiniulize tena habari ya kambi. Liondoe jina lake kesho asubuhi kwa simu yako mwenyewe, uwaambie ameumia na wewe ndiye uliyemuumiza, wasije wakadhani mtoto ni mvivu. Unasema nafasi haiji mara mbili. Kiwiko nacho hakiji mara mbili, au chako kilirudi?

Ndoa ya Baba Phiona hukuiposa wewe wala si kazi yako kuilinda. Ameiweka yeye mwenyewe mahali ilipo. Rafiki unayemwogopea kumwangusha tayari yuko chini, na amemwangukia binti yake. Mpigie umwambie unakwenda kwake, saa fulani, mkewe akiwepo, na kwamba utasema kila kitu, akiwa amekaa au ametoka. Mpe nafasi ya kusema kabla yako. Akiikataa, sema.

Usiandike ujumbe kwenye simu. Usipeleke keki. Chukua yale maharage kumi, uyaweke juu ya meza mbele ya Mama Phiona, umweleze yanavyohesabu, na umwambie maneno uliyoyasema kabla ya mchezo, yale ya hekima, neno kwa neno, usiyapunguze makali. Atakayokujibu yapokee. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Lakini kabla hajakufukuza umwambie binti, mbele ya mama yake, kwamba uongo wa ngazi haukuwa wake, ulikuwa wenu, na umeisha. Halafu Alhamisi, kama watakubali, nenda nao ukamweleze daktari. Wasipokubali, mwandikie Mama Phiona hesabu hiyo kwenye karatasi aende nayo.

Kombe lirudisheni. Waandikie waliosimamia mashindano, taja hesabu ya kweli, kombe liende kwa watoto wale wengine waliohesabiwa kwa uaminifu. Mtakuwa mmeaibika na ngoma zenu, na ni sawa. Keki mmeshakula, hiyo haidaiwi. Kama timu itavunjika kwa sababu kocha wake amesema kweli, basi haikuwa timu, ulikuwa mkusanyiko wa watu wa nyama choma. Mimi nadhani haitavunjika. Watoto wanaelewa kuliko unavyodhani, na wale uliokaa na walimu wao hawatasahau mema yako. Sijasema hukuyafanya. Nakasirika hivi kwa sababu uliyafanya, halafu ukayauza kwa bao moja.

La mwisho ni kalenda. Jarida hili linatoka Jumatano. Picha ya barua yako niliipata jana usiku, na jibu langu nimekutumia kwa simu leo Jumatatu, mapema, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu. Unajua Stockholm hii ina timu ngapi za besiboli zenye Waswahili, kwa hiyo hata ningeyabadilisha majina yote na kuiita Bredäng mji wa mwezini, maharage yale yangekutaja. Mama Phiona analisoma jarida hili, wazee wake wakiwa wamelala mchana. Sikutishi. Ni kwamba nikipewa kuchagua kati ya mama kuyajua haya gazetini Jumatano na mama kutoyajua kabisa Alhamisi mbele ya daktari, nimeshachagua. Wewe una njia bora kuliko yangu, na una leo na kesho.

Ulipokuwa na miaka kumi na tisa ulimngoja mtu mzima mmoja anyanyuke kwenye benchi. Miaka ishirini na miwili imepita, hakunyanyuka, wala hatanyanyuka tena. Huyo muache na mbegu zake za alizeti. Hallonbergen kuna mtoto ambaye bado ameushika mpira na anakutazama. Vaa koti lako, panda treni nyekundu, ubadilishe katikati ya mji upande ya buluu, ugonge mlango wao. Kisha umnyooshee mkono, akupe mpira, apumzike.

Shangazi Ruqaya